Alsa na Swali Ambalo Mkwe Haulizi

Ukitaka kujua watu wa Kitale wanaugua nini, usianzie hospitalini. Hospitalini huenda waliozidiwa. Njoo ukae katika kinyozi changu hapa Kibomet, mteja akiwa amefungwa kitambaa shingoni na hana pa kukimbilia. Nimenyoa vichwa miaka mingi na sina haya ya kuuliza. Mke wangu husema mashine ya kwanza kuwashwa mle ndani kila asubuhi ni mdomo wangu.

Nilianza kuvutiwa na alsa kwa sababu ya neno moja dogo. Mwendesha bodaboda alikuwa kitini, mara akajikunja na kushika tumbo nusura nimkate sikio. Nikamuuliza, "Ni nini sasa, bana?" Akajibu, "Si ni alsa tu." Hiyo "tu" ilinikaa. Sijasikia mtu akisema ana malaria tu, wala kwamba mguu umevunjika tu. Lakini huyu alikuwa na vidonda ndani ya tumbo lake, vinamchoma mpaka jasho linamtoka, naye anavitaja kama jirani mwenye kelele aliyemzoea.

Basi nikaanza kuuliza kila anayekaa. Lo! Kumbe nimekuwa nikinyoa wagonjwa. Mwalimu wa sekondari alikuwa nayo, mlinzi wa ghala la mahindi alikuwa nayo, mama aliyeleta watoto kunyolewa alikuwa nayo na dada zake wote walikuwa nayo. Mhubiri wa kanisa la jirani alikuwa nayo pia, ila yeye alisema anaikataa kwa jina la Yesu, kisha akaniomba maji amezee dawa.

Kila mmoja alikuwa na mshtakiwa wake. Mwendesha bodaboda alilaumu njaa: asubuhi chai ya rangi na andazi, halafu hakuna kitu mpaka jioni. Mwalimu alilaumu mawazo. "Mimi sikuli sana," aliniambia, "ni mawazo ndiyo yananikula." Mhubiri hakutaka kabisa kufunga kwake kuguswe, akatupa lawama zote kwa maharagwe. Mlinzi alivuta sigara yake mlangoni, akatoa moshi, akasema ni baridi ya Kitale. Yule mama alimlaumu mume wake, na wanaume waliokuwa kwenye benchi wakaanza ghafla kusoma tangazo la mafuta ya nywele.

Dawa nazo zilikuwa kama mashtaka yenyewe. Maziwa baridi. Maji ya viazi vibichi. Kabichi iliyopondwa. Mwingine hulamba magadi, mwingine hutafuna mukombero, ule mzizi mchungu-mtamu unaouzwa kwa vifungu stendi ya Kitale na ambao wanaume huununua kwa sababu nyingine kabisa. Nilipouliza nani amepimwa, wengi walinicheka. Nipimwe nini na ninajisikia mwenyewe? Alsa zao ziligunduliwa na mama zao, au na muuza duka la dawa, au na abiria mwenzao. Mimi mwenyewe nilianza kujisikia vibaya. Jioni moja nilisukuma sahani ya maharagwe pembeni, mke wangu akaniuliza kama nimeambukizwa na wateja.

Aliyenipa mwanga ni daktari mmoja kijana ambaye huja kutengeneza ndevu. Nilimuuliza mpaka akalalamika kwamba ninamhoji kama polisi. Lakini alinieleza, na nilizima mashine nisikilize vizuri.

"Wengi wanaosema wako na alsa, si vidonda," alisema. "Ni asidi, ni gesi, ni kula haraka. Na wengine wako na kidonda kikubwa na hawajui."

"Na wale wako nazo kweli, zinatoka wapi? Njaa?"

Akatikisa kichwa, povu likamwagika kwenye kitambaa. Alisema mkosaji mkubwa ni bakteria mmoja anayeishi tumboni. Mtu humpata mapema, mara nyingi utotoni, kwa maji yasiyo safi, kwa mikono, kwa nyumba yenye watu wengi na sufuria moja, kisha hukaa naye miaka bila habari. Mkosaji wa pili ni dawa za maumivu, hizi za mgongo na magoti tunazonunua dukani kama peremende. Sigara na pombe kali huongeza ubaya. Mawazo na njaa humfanya mtu akisikie kidonda zaidi, lakini peke yake si ndivyo vinavyokichimba. Kwa hiyo karibu wateja wangu wote walikuwa wamemshtaki asiye na hatia, hata mlinzi, ambaye alikuwa na sigara yake mkononi na bado akaishtaki baridi.

Wakati anatoka, daktari aligeuka mlangoni. "Lakini mzee, kuna kitu moja usisahau. Mtu akisema choo yake imekuwa nyeusi, nyeusi kama lami, na anasikia kizunguzungu, usimpatie maziwa. Hiyo ni damu. Mlete hospitali saa hiyo hiyo."

Ningefanya nini na elimu kama hiyo? Niliitumia. Kila aliyesema ana alsa nilimuuliza choo chake kina rangi gani. Wengine walicheka, wengine walinijibu kwa urefu ambao sikuutarajia, mhubiri akahamia kinyozi cha ng'ambo ya barabara. Mke wangu alipata habari sokoni kwamba mume wake ameanza kuuliza watu wazima mambo ya chooni, akanikataza kusema neno hilo nyumbani. Alikuwa na sababu, kwa kuwa wiki hiyo mama yake alikuwa anakuja.

Mama mkwe wangu ni mfanyabiashara wa ndizi katika soko la Misikhu, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuvunja bei kutoka ng'ambo ya lami. Sauti hiyo mimi nimeisikia kwa mbali tu. Kwao mila haina mchezo: mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja isipokuwa kwenye kikao cha wazee, hawali mahali pamoja, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa fumbo. Sisi tuliozaliwa Kitale tumeonjeshwa mila hizi nusu nusu, lakini yeye hakuwa mtu wa nusu. Tangu nioe binti yake sikuwahi kumtazama usoni. Nikiwa karibu, hakuzungumza nami. Alizungumza na mtu ambaye hayupo. "Mwambieni mkwe mvua inakuja," angesema, na uani hakuna mtu isipokuwa kuku, nami ningeanua nguo.

Alikuja kwa ajili ya magoti. Kubeba ndizi kwa miaka kulikuwa kumeyamaliza, na mke wangu alimpangia kumwona daktari wa mifupa. Kwa kuwa hawezi kulala kwangu wala kula kwangu, alipewa kitanda kwa mama mmoja mjane kwenye ploti yetu, mtu wa kwao Misikhu, anayeuza mboga sokoni Kitale. Mpango ulikuwa mzuri. Mchana mama mkwe alikaa uani kwetu akichambua mboga na kuzungumza na binti yake, nami nikiwa kazini. Jioni nikirudi, yeye huyo, ameshaingia kwa mjane.

Siku moja mke wangu alikwenda Bungoma kwa semina ya walimu wa chekechea. Stima ikapotea Kibomet nzima, na kinyozi bila stima ni mtu aliyesimama na kitambaa. Nilifunga, nikarudi nyumbani mchana. Nilipoingia getini nilimwona mama mkwe akitoka chooni. Alikuwa ameegemea ukuta kwa kiganja. Alipiga hatua, akasimama, akaegemea tena. Alipofika kwenye kigoda chake alikaa polepole sana, na nikaona viganja vyake vimekuwa vyeupe.

Kwa desturi ningegeuka nikaondoka. Miguu ilianza kugeuka, lakini udadisi wangu haukugeuka. Nikasimama mbali, nikampa mgongo, nikaangalia ua wa michongoma.

"Mulembe, mayi," nikamwamkia mama kwa lugha ya kwao.

"Mwambieni mulembe." Ile sauti ya soko haikuwepo.

"Naona umechoka, mayi."

"Mwambieni ni jua."

Hakukuwa na jua. Nikauliza kuhusu magoti, akasema mwambieni magoti yako afadhali, dawa inasaidia. Dawa gani? Mwambieni ile ya duka la Misikhu, anameza kila asubuhi, na jioni, na mchana yakiuma. Tangu lini? Mwambieni tangu mavuno ya mwaka ule mwingine. Nikamkumbuka mkosaji wa pili wa daktari.

"Na asubuhi unaimeza na chai?"

"Mwambieni maji yanatosha."

Nilijaribu simu ya mke wangu, ilikuwa imezimwa. Mjane yuko sokoni. Wapangaji wengine wako kazini. Tulikuwa mimi, yeye na kuku, na swali moja ambalo nilikuwa nimewauliza wanaume wa Kibomet bila kupepesa jicho. Sasa nilimwogopa. Niliogopa kwamba nikiuliza nitakuwa nimemvua nguo mama wa mke wangu hadharani, kwamba atafunga mfuko wake arudi Misikhu na habari itafika kabla yake. Na niliogopa kwamba nisipouliza atakufa pale pale kwenye kigoda, na mimi nimempa mgongo kwa adabu.

"Mayi, nisamehe. Nisamehe sana." Masikio yalikuwa yanawaka. "Ukienda choo, iko rangi gani?"

Niliwasikia kuku wakichakura. Nilisikia pikipiki ikipita barabarani, ikapotea. Nikawa na hakika ameondoka, au amekasirika kiasi cha kukosa neno.

"Mwambieni," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeongea na magoti yake, "mwambieni ni nyeusi. Tangu Jumapili. Inanata." Akapumua. "Na mwambieni asigeuke."

Kisha nikasikia kishindo, nikageuka.

Nilimwinua kutoka chini. Mikono yangu, ambayo haikuwahi kumsalimu, ilimbeba mzima mzima mpaka barabarani, na alikuwa mwepesi kuliko gunia la viazi. Kitambaa cha kichwa kilidondoka, nikaona ana mvi nyingi. Aliamka ndani ya teksi, akavuta leso yake akajifunika uso wote, na akakaa hivyo hadi hospitalini, akishika mlango kwa mkono mmoja ili asiniegemee. Nilikuwa namwomba Mungu na huku namwambia dereva apige honi.

Hospitalini mambo yalikwenda haraka kuliko nilivyozoea. Walimpima damu, wakasema imepungua vibaya, wakamwongezea. Daktari wa zamu hakunificha: angeweza kufa, na bado hajatoka hatarini. Niliketi kwenye benchi la nje. Nilijaribu kumuuliza mwanamume wa pembeni yangu anaumwa na nini, kwa mazoea, nikashindwa kumalizia swali.

Mke wangu alifika kutoka Bungoma akiwa na kadi ya semina shingoni, na mjane akaja na aproni yake ya sokoni. Daktari alitaka kujua mgonjwa amekuwa akila nini.

"Asubuhi hunywa chai pamoja na mikate," mke wangu alisema, "kwa huyu mama."

Mjane alimkodolea macho. "Kwangu? Mimi hutoka alfajiri kwenda soko. Si mama hukula kwako?"

"Kwangu hawezi kula. Unajua hawezi. Ni kwa mkwe wake."

"Nilidhani unamletea pale nje."

"Nami nilidhani wewe unamwachia."

Walitazamana. Daktari alituangalia mmoja mmoja, kalamu hewani, akingoja mtu amweleze. Nani angemweleza? Kwetu, kumuuliza mgeni kama amelishwa alikolala ni kumtukana mwenyeji wake. Mke wangu hakuweza kumuuliza mama yake, asije akamwaibisha mjane. Mjane hakuweza kumuuliza, asije akamwaibisha binti. Na mama mkwe mwenyewe asingesema ana njaa akiwa uani kwa mkwe wake hata kama angeanguka, na kweli alianguka. Jioni mjane alipopakua maharagwe, mgeni alionja, akasema ameshiba, kwa sababu yalimchoma. Kutwa nzima tumbo lake lilikuwa na maji na dawa ya magoti. Nimewaza jambo hili mara nyingi tangu siku ile na bado linanishangaza: watu watatu wanaopendana, hakuna mchoyo hata mmoja, chakula kimejaa pande zote mbili za ukuta.

Walipopitisha kamera tumboni waliona kidonda chenyewe, na wakakizuia kutoka damu. Kipimo cha choo kikampata na yule bakteria. Kwa hiyo alikuwa na washtakiwa wote wawili, bakteria wa miaka na dawa za magoti juu yake. Alipopata nguvu ya kuongea, swali lake la kwanza lilikuwa la kitafiti kabisa. "Mwambieni daktari anieleze, hao wadudu nimewatoa wapi?" Daktari, ambaye alikuwa amesimama mbele yake, alijibu kwamba labda tangu alipokuwa mtoto. Mama mkwe alifikiri kidogo. "Basi nimewalea muda mrefu kuliko watoto wangu," alisema, na mke wangu alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa nje ya pazia, mahali pangu, na nilifanya vivyo hivyo.

Alimeza dawa zake zote za kuua bakteria, mpaka kidonge cha mwisho, akapigwa marufuku zile za dukani, magoti yakapewa dawa nyingine na mazoezi. Alirudi Misikhu mzima. Nilidhani yameisha.

Baadaye tukaitwa. Mdogo wa marehemu baba mkwe, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma, alituma neno kwamba tufike Misikhu, kuna jambo la kunyoosha. Sikuhitaji kuambiwa ni lipi. Nilinunua blanketi la kuombea radhi, nikavaa koti la harusi yangu, na njiani kote mke wangu alinishika mkono.

Mzee hakuwa mkali. Alizungumza taratibu, kofia juu ya goti. Alisema wanashukuru uhai. Lakini mkwe alimgusa mama mkwe wake, na kabla ya kumgusa alimuuliza neno ambalo yeye mzee hawezi kulirudia mbele ya watoto, na mambo kama hayo yakiachwa hivi hivi huzaa dharau. Watu waliitikia. Nilitazama sakafu. Mama mkwe alikuwa upande wa wanawake, mgongo wake kwangu, kama inavyotakiwa.

"Naweza kusema?" akauliza. Mzee akamruhusu.

"Shemeji, ulikuja kuniona kabla sijaenda Kitale. Uliona nimekonda?"

"Niliona."

"Uliniuliza kwa nini?"

"Ningekuulizaje? Ni heshima."

Akamgeukia binti yake. "Wewe ulinikuta siku moja nimeshika tumbo. Uliniuliza nimekula wapi?" Mke wangu alitikisa kichwa, machozi yakimtoka. Mama mkwe hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepanga ndizi zake, moja, nyingine, nyingine.

"Nyote mliniheshimu," alisema. "Na mngenizika kwa heshima."

Kisha alishika kigoda chake, akakigeuza polepole kwa sababu ya magoti, mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wangu. Ana macho ya mke wangu. Sikujua mpaka siku ile.

"Mkwe," aliniambia, "sogea karibu. Huyu shemeji yangu ana mgongo mbaya. Anameza zile dawa zangu kila asubuhi na chai ya rangi, nami ndiye nilikuwa nikimgawia. Tangu juzi anashika ukuta akitembea. Mimi siwezi kumuuliza, ni shemeji. Muulize wewe."

Mzee alivaa kofia, akaivua tena. Aliangalia mlango, lakini watu walikuwa wamekaa hadi kizingitini. Nilisogeza kiti changu mpaka magoti yetu yakakaribiana, na nikamuuliza pale pale, mbele ya boma zima. Alijibu akiiangalia kofia yake, na mke wangu akainuka kwenda kutafuta gari.